Takwimu zinapanda, hazishuki: barua ya wazi kutoka pwani ya Tanga

Kwa waheshimiwa viongozi mnaosimamia ufuatiliaji wa magonjwa ya mlipuko, kuanzia kata na wilaya hadi mkoani na taifani.

Yah: Kurudishiwa hesabu za magonjwa yetu wenyewe

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilihudumu katika zahanati moja ya pwani, kaskazini mwa Jiji la Tanga, upande wa kuelekea Horohoro. Kwa miaka mingi kazi mojawapo niliyokabidhiwa ilikuwa kujaza vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya taarifa za huduma za afya, na kutuma ripoti ya wiki ya magonjwa. Kila Jumatatu asubuhi nilikaa na Kitabu namba 5 mapajani, penseli mkononi, nahesabu vijiti vinne na cha tano nakilaza juu yake: kuhara, malaria, surua, nimonia. Nikimaliza natoka nje mpaka chini ya mwembe, ndipo mtandao ulipokuwa unashika, natuma kwa simu. Ujumbe ukishakwenda moyo unatulia. Katika miaka yote hiyo haikunirudia hata karatasi moja ya kuniambia kwamba wiki iliyopita kata yenu ilikuwa hivi, ya jirani ilikuwa hivi, angalieni zaidi upande fulani.

Nina ombi moja tu: hesabu za ugonjwa wa mlipuko zirudi kwa watu waliozitoa. Zirudi kwa wilaya na kwa kata, kila wiki, hadharani.

Nianze na Februari 2021, maana ndiyo inayoninyima usingizi mpaka leo. Alfajiri moja vijana walimleta mzee kwa bodaboda. Wamemkalisha katikati, dereva mbele, mwanawe nyuma kamkumbatia asianguke. Alikuwa nahodha wa jahazi, nikimwita Babu tangu nilipokuwa msichana. Midomo imegeuka rangi ya zambarau lililoiva, kifua kinapanda na kushuka, maneno hayatoki. Hatukuwa na mtungi wa oksijeni, wala kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni. "Mama Nesi," mwanawe akaniambia, "tumempigisha nyungu siku tatu, haimsaidii." Tukaanza kutafuta gari la kumkimbiza mjini. Lilipofika, Babu alikuwa keshakata roho kwenye benchi la wagonjwa wa nje, kichwa amekiegemeza begani kwa mwanawe.

Kitabuni nikaandika nimonia. Kipimo hakikuwepo, na bila kipimo sikuwa na neno jingine la kuandika. Wiki ile kisanduku cha nimonia kilijaa vijiti hadi nikahamia pembeni mwa ukurasa. Mtaani watu walisema "changamoto ya upumuaji", misiba ikawa inapishana, unatoka kuzika huku unapigiwa simu ya kule. Jumatatu nikatuma ripoti kama kawaida, na kama kawaida sikujibiwa.

Sikuwa najua kama vijiti vile ni vya kwetu peke yetu au na Moa wanavyo, na Pongwe, na Muheza, na Pangani. Mwenzangu wa kata ya pili naye hakujua, na tulikuja kuambizana miezi baadaye tulipokutana kwenye semina. Kila mmoja alikaa na kisanduku chake akidhani bahati mbaya imemwangukia yeye. Lau tungejua kwamba ugonjwa unapanda kutoka mjini au unashuka kutoka mpakani, tungewaambia wazee wa kijiji wakae majumbani wiki mbili tatu. Tungeazima mtungi kabla haujahitajika. Babu angekuwa na nafasi. Sisemi angepona, nasema angekuwa na nafasi.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, msafiri aliyeshukia uwanja wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Siku za mwanzo Wizara ilikuwa ikitaja wagonjwa kwa mikoa: Dar es Salaam wangapi, Mwanza wangapi, Zanzibar wangapi. Nasi tunatega sikio tusikie Tanga. Mwanzoni mwa Mei hesabu ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, ikakaa papo hapo zaidi ya mwaka mzima. Mwaka 2021, chini ya Rais Samia, iliundwa kamati ya wataalamu, tarehe 28 Julai chanjo ikazinduliwa, na hesabu zikaanza kutoka tena. Nashukuru kwa hilo, na nalisema kwa moyo mweupe. Siandiki ili kufukua makaburi. Naandika kwa sababu hata hesabu ziliporudi, kule chini ya mwembe hazikutufikia, na ugonjwa unaofuata hautatusubiri tujipange.

Miezi ile sisi wa mpakani tuliishi kwa redio za Kenya. Waziri wao wa afya alikuwa akisoma hesabu kwa kaunti, kisha anashuka kwenye kaunti ndogo: Mvita wangapi, Likoni wangapi, Nyali wangapi. Mimi muuguzi wa Tanga nikawa najua hali ya Likoni kuliko ya Makorora. Jioni nampigia simu mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ameolewa Vanga. Sisi Wadigo tuko pande zote mbili. Harusi huku, matanga kule, na mtoto akiugua anapelekwa kwa nyanya aliye karibu, awe wa upande wowote. "Dada, huku nyumba ya tatu sasa wanakohoa," ananiambia. Nami naanza kuhesabu siku: gulio la Jumapili, kisha siku tano, kisha saba. Mara mbili hesabu yangu ilitimia. Muuguzi hapaswi kufanya kazi ya serikali mbili kwa vocha ya shilingi mia tano.

Mtanisamehe nikieleza jambo ambalo wataalamu wenu wanalijua, maana barua hii itasomwa na wengi. Kirusi kikijinakili hukosea hapa na pale, kama mwanafunzi anayenakili ubao kwa haraka. Kile cha korona hupata mabadiliko kama mawili kwa mwezi, na kinachozaliwa hurithi makosa ya mzazi wake. Ukisoma vinasaba vya virusi vya watu wengi, unaweza kujua kama kilichompata mtu wa Malindi ni kitukuu cha kilichoingilia Mombasa au kimetoka kwingine kabisa. Wanasayansi wa Kilifi walifanya hivyo kwa pwani ya Kenya. Walisoma virusi 311 kutoka sampuli za kati ya tarehe 17 Machi na 31 Julai 2020. Wakakuta kwamba kirusi kiliingia pwani yao mara nyingi, kwa milango tofauti. Ukoo mmoja, unaoitwa B.1, ndio uliosambaa. Koo nyingine, A, B na B.4, zilionekana kwa watu waliopimwa mpakani mwa Kenya na Tanzania au kwa wasafiri waliokuwa wanarejea, nazo hazikupata pa kuotea mizizi, na juhudi za mapema za kuwapima na kuwatenga watu zilichangia.

Mpakani mwa Kenya na Tanzania. Mpaka una pande mbili, waheshimiwa. Picha ya upande wao nimeiona. Ya upande wetu, mimi niliyekuwa nikilala kilomita chache kutoka hapo, sijawahi kuonyeshwa.

Na Februari ile ile niliyokuwa naandika nimonia, wasafiri watatu waliotoka Tanzania walipimwa walipowasili Angola. Virusi vyao viliposomwa vikakutwa na mabadiliko mengi kuliko kawaida ya wakati ule, hata wanasayansi wakatoa tahadhari kwa dunia. Habari ya kirusi kilichokuwa kinatembea kwetu ilitokea kwenye uwanja wa ndege wa watu. Niliposoma hilo baadaye nililia. Nilikuwa na wagonjwa wale wale, sikuwa na hata kijiti cha kuchukulia sampuli.

Ufuatiliaji wa namna hii si jambo geni pwani ya Tanga. Mwaka 1869 kipindupindu kilipoingia Unguja, daktari Mskoti aliyekuwa akiishi huko, James Christie, aliamua kujua kimepita njia gani. Aliwauliza watu wa misafara na watu wa majahazi, akaunganisha habari moja na nyingine mpaka mnyororo ukakamilika: kilishuka kutoka nchi ya Wamasai pamoja na misafara ya biashara, kikafika pwani ya Pangani, kikavuka mkondo wa bahari hadi kisiwani. Hakuwa na maabara. Alikuwa na maswali mawili ambayo hadi leo ndiyo roho ya kazi hii: umetoka wapi, na lini? Aliyoyapata aliyachapisha London mwaka 1876. Huko yalisomwa. Watu wa Pangani waliompa habari walibaki na makaburi yao.

Njia za leo zinajulikana na kila mkazi wa hapa. Mji wetu unaitwa Waja Leo Waondoka Leo, na jina hilo halikuja bure. Msimu wa machungwa Muheza inajaa wanunuzi wanaopakia kupeleka Kenya, wengine wanalala mashambani na wachumaji. Mboga za Lushoto zinashuka usiku na malori hadi Dar es Salaam. Kipumbwi boti zinavuka kwenda Unguja na kurudi. Mabasi ya Mombasa yanapita Horohoro mchana, na usiku kuna njia za panya na bandari bubu ambazo hazina daftari la wageni. Hapa nina ombi la kitaalamu kidogo. Mgonjwa wa Mkinga au wa Pangani akizidiwa anapelekwa hospitali ya Bombo, na akiandikwa kwa mahali alipotibiwa, anahesabiwa ni wa Jiji. Kwenye takwimu Jiji linaonekana linaungua, na Kipumbwi inaonekana shwari. Aandikwe kwa mahali alipolala wiki mbili zilizopita, na kwa siku alipoanza kuumwa, si siku karatasi ilipopigwa muhuri. Bila hayo mawili mnafuata kivuli cha ugonjwa.

Mkoa huu una watu 2,615,597 kwa sensa ya mwaka 2022, na halmashauri 11. Kuna milima yenye baridi ya Usambara, kuna nyika za Kilindi na Handeni, kuna mikoko. Tangazo likisema "Tanga, wagonjwa kadhaa", mvuvi wa Kigombe hana la kufanya nalo. Likisema Kigombe, atalifanyia kazi kabla ya jua kuzama.

Najua hoja itakayotolewa, maana nimeisikia tangu nikiwa kazini: taharuki. Ukitaja kata, watu watakimbia, biashara itakufa. Naijibu kwa mfano wenu wenyewe. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, ugonjwa unaoua kwa kasi kuliko korona. Kata zilijulikana kwa majina, Maruku na Kanyangereko, wilayani Bukoba. Waliougua walikuwa 9, wakiwemo watumishi wenzangu wa afya, na 6 wakafariki. Watu waliokutana na wagonjwa waliorodheshwa na kufuatiliwa mmoja mmoja. Tarehe 2 Juni ikatangazwa umekwisha. Kagera haikukimbiwa. Watu wa Maruku walijua wako wapi na wafanye nini, na watu wa mbali walijua wao hawamo. Kilichowezekana kule kwa wagonjwa tisa kinaweza kufanywa desturi ya kila wiki hapa.

Taharuki niliyoiona mimi ilizaliwa na kutojua. Bei ya malimao na tangawizi sokoni ilipanda kwa uvumi. Mjane wa Babu alikaa eda huku watoto wa jirani wakikatazwa kucheza uani kwake, ati ni nyumba ya korona, wakati huo huo jirani mwenyewe alikuwa amelala ndani anakohoa. Kwa hiyo nakubaliana nanyi kwenye jambo moja, tena nalitilia mkazo: kata itajwe, lakini kitongoji chenye mgonjwa mmoja kisitajwe, wala nyumba, wala kabila, wala kazi ya mtu ambayo kila mtu ataijua ni ya nani. Siri ya mgonjwa nimeapa kuitunza na sijaivunja.

Kuhusu vifo ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa vipimo vinaweza kukosekana lakini kaburi halikosekani. Kule Lusaka, kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti walipima miili 364 kwenye chumba cha maiti. Wakakuta kirusi kwa karibu mmoja kati ya kila sita, na wengi wao hawakuwahi kupimwa wakiwa hai. Hayo ni ya jiji lenye hospitali kubwa. Kwetu wengi wanafia nyumbani na wanazikwa siku hiyo hiyo, kama dini inavyotuagiza, na hakuna daktari anayewaona. Lakini mwenyekiti wa mtaa anajua. Imamu anajua, padri anajua, wachimba kaburi wanajua kuliko wote. Februari ile mwenye duka mmoja mjini Ngamiani, nilikokwenda kununua bafta ya sanda, aliniambia amemaliza jora zima na la pili limefika nusu, na mwezi haujagawanyika. Alikuwa na takwimu ambayo mimi sikuwa nayo. Mwenyekiti wa kila mtaa na kijiji akiandika idadi tu ya waliozikwa wiki ile, wazee wangapi na vijana wangapi, bila jina la mtu, mkoa utaona wimbi linapoinuka kabla ya maabara haijafungua sampuli ya kwanza. Halihitaji mfadhili hilo. Linahitaji daftari na mtu wa kulipitia Jumatatu.

Wa kulipitia wapo. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa watu 137,294 nchi nzima. Vijana hawa wanapita nyumba kwa nyumba. Wapewe na cha kurudisha, si cha kukusanya tu. Mama aliyeulizwa maswali kumi mlangoni kwake wiki iliyopita akiletewa jibu wiki hii, mara ya tatu atakuita mwenyewe kabla hujabisha hodi. Namba 199 inapigwa bure na ni jambo jema, ila mtu hupiga pale anapoamini kwamba simu yake ilibadilisha kitu.

Maabara nayo haiko mbali kama tunavyofikiri. Taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, ina vituo Tanga na Korogwe, na Amani kule Muheza utafiti wa magonjwa umefanyika tangu enzi za babu zetu. Wanasayansi wa nchi hii wanasoma vinasaba vya vimelea vya malaria, na ndivyo walivyogundua Kagera mabadiliko yanayovisaidia vimelea kustahimili dawa. Wanaoweza kusoma kimelea wanaweza kufundishwa kusoma kirusi, kama hawajui tayari. Kinachokosekana ni barabara ya sampuli kutoka zahanati ya pwani hadi kwao, kwenye kasha lenye barafu, na barabara ya jibu kurudi. Majibu yakirudi baada ya miezi mitatu ni historia, na muuguzi hatibu kwa historia.

Halafu majirani. Mganga mkuu wa wilaya ya Mkinga na mwenzake wa Kwale wawe na namba za simu za kila mmoja, na wazungumze kila wiki wakati wa heri, ili wakati wa shari wasianze kutambulishana. Hivyo hivyo Pangani na Unguja, Tanga na Pemba. Mei 2020 Kenya ilipofunga mpaka kwa abiria na mabishano ya kupima madereva wa malori yakapamba moto, magari yalipanga foleni na madereva walilala chini ya matela, wakipikiana, wakinywea kikombe kimoja. Niliwaona. Kila upande ulikuwa na hesabu yake na hakuna aliyeamini ya mwenzake, na foleni ile ile ikawa mahali pazuri pa kuambukizana.

Kanuni za Afya za Kimataifa zinaitaka nchi iiarifu WHO, Shirika la Afya Duniani lenye makao Geneva, ndani ya saa 24 ikishatathmini na kuona kwamba ina tukio zito. Geneva inapata saa 24. Mimi kwa mtu wa Moa naomba siku 7.

Mnaweza kuanza bila bajeti mpya. Ripoti ya wiki inayotumwa kwa simu tayari ipo kwenye kompyuta za wilaya. Ichapwe ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida: kata zote, wiki hii na wiki iliyopita, wagonjwa wa kifua, wa kuhara, wa homa yenye vipele, na waliozikwa. Ibandikwe ukutani zahanatini, pale pale panapobandikwa ratiba ya kliniki. Isomwe kwenye redio za hapa mkoani Jumatano jioni, na imamu apewe nakala kabla ya Ijumaa, na kanisani kabla ya Jumapili. Mwaka 2019 homa ya dengi ilipotushambulia Tanga na Dar es Salaam, ukurasa kama huo ungewaambia watu wa Jiji mitaa ipi ifukie madimbwi na kugeuza makopo kwanza. Basi na uwepo kabla ya kitakachofuata.

Nilipostaafu vitabu vya MTUHA nilivikabidhi vyote, kama inavyotakiwa. Nilichobaki nacho ni daftari langu la kujifanyia hesabu, lile la mistari mipana, lenye vijiti vya Januari, Februari na Machi 2021. Halina jina la mgonjwa hata mmoja, ni tarehe, umri, vitongoji walikotoka na siku walizosema walianza kuumwa. Kurasa nyingine zimelowa mvua ya pale chini ya mwembe lakini zinasomeka. Nimewauliza wenzangu watano waliokuwa zahanati za jirani, na watatu kati yao wanayo ya kwao. Tukiyaweka meza moja tunaweza kuonyesha wimbi lile lilianzia kata gani na likaenda wapi. Mtumeni kijana anayejua kazi hiyo, aje siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana. Chai itakuwepo, na madaftari yatakuwa mezani.

Wenu katika kuitumikia jamii,

Muuguzi mstaafu,
Tanga